Mtoto yupo la nne, la tano, la sita au la saba: mzazi jiandae na haya (uzi wa wazazi)

ChakiNyeupe:
Wakuu, habari za mwaka mpya 2026. Shule zimefunguliwa, na sisi tunaofundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi tumeshaanza kuulizwa swali lile lile: "Mwalimu, huyu mtoto la pili alikuwa wa tatu darasani, mbona sasa anashuka hivi?"

Nafundisha Kiswahili na Hisabati shule ya serikali. Nimeona niandike hapa kile ninachowaambia wazazi wakija ofisini, maana wengi huja mwezi wa tisa wakati mambo yameshaharibika.

La kwanza na la pili mtoto ana kazi kubwa moja, KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia la tatu masomo yanaongezeka kwa mpigo. Kwa mtaala mpya kuna Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na Dini. Akifika la nne hakuna tena kipindi cha kumfundisha kuunganisha silabi. Kitabu cha Sayansi kimeandikwa kwa ajili ya mtoto anayesoma tayari. Kama bado anasoma kwa kukokota, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau ilivyoanza. Mtoto huyo ataanguka Kiswahili, ataanguka Sayansi, ataanguka Jiografia, na nyumbani mtasema hapendi shule.

Kwa hiyo kabla hujalipia twisheni, kabla hujamhamisha, fanya hili jioni moja. Chukua kitabu chake cha Sayansi au Jiografia. Fungua ukurasa ambao hawajafika darasani. Mwambie asome aya moja kwa sauti, kisha funga kitabu umuulize: "Wamesema nini hapa?" Usimsaidie wala usimfokee.

Akisoma vizuri na kukueleza kwa maneno yake, shukuru Mungu, matatizo mengine yote yanatibika. Akisoma vizuri lakini hawezi kueleza chochote, huyo anasoma kama kasuku, na wapo wengi sana, hata wanaopata alama nzuri la tatu kwa sababu wana uwezo wa kukariri. Akikwama kwenye maneno yenyewe, basi ana deni la la pili, na deni hilo halilipwi na twisheni ya masomo yote. Linalipwa kwa kusoma kila siku, dakika kumi na tano au ishirini, kwa sauti, mtu mzima akiwa pembeni. Ndani ya muhula mmoja nimeona watoto wakibadilika kabisa kwa njia hii. Sijaona njia nyingine inayoishinda.

Sasa mitihani. La nne wanafanya Upimaji wa Kitaifa, chini ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), mwezi Oktoba. Asiyefikia kiwango anaweza kurudia darasa. La saba wanafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwezi Septemba: masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Hapa kuna kitu wazazi wengi hawakijui. Daraja A linaanzia 241, B 181, C 121, D 61. Kwa hiyo mtoto "aliyefaulu kwa C" anaweza kuwa na 121 kati ya 300, yaani asilimia 40 na kidogo. Amefaulu, ndiyo. Lakini anakwenda kidato cha kwanza, ambako masomo ni kwa Kiingereza, akiwa hajaelewa zaidi ya nusu ya aliyofundishwa. Ukiletewa ripoti usiishie kwenye neno "amefaulu" wala kwenye nafasi. Nafasi ya tano katika darasa ambalo karibu wote wana D haikuambii chochote. Angalia alama za kila somo.

La tano na la sita mwaka huu hakuna mtihani wa taifa, na hapo ndipo nyumba nyingi hulegeza kamba. Kumbe sehemu kubwa ya Hisabati inayowaangusha la saba inafundishwa la tano na la sita.

Karibuni kwa maswali.

MgosiWaTanga:
Asante sana mwalimu, uzi umekuja wakati wake. Mimi nina swali la haraka. Nina mmoja la tano na mwingine la sita. Huku mtaani wanasema la saba limefutwa, wengine wanasema halijafutwa. Hawa wangu wanamaliza lini?

ChakiNyeupe:
Mkuu, sikiliza vizuri maana hili linachanganya hata baadhi ya walimu.

Mtaala mpya, ule wa Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza. Katika mfumo huo elimu ya msingi ni miaka sita. Waliokuwa la tatu 2024 ndio walio la tano mwaka huu. Watakuwa la sita 2027 na wataishia hapo.

Waliokuwa la nne 2024 wao wameendelea na mtaala wa zamani. Mwaka huu wapo la sita, mwakani wanakwenda la saba.

Kwa hiyo watoto wako wote wawili wanamaliza mwaka mmoja, 2027, na wote wanaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Sare mbili, madaftari seti mbili, nauli mbili, kwa mpigo. Anza kuweka akiba sasa hivi. Na kila kata nchini itapokea wahitimu wa madarasa mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hudhuria vikao vya kamati ya shule na vya kata ujue madarasa na madawati yanaandaliwaje hapo kwenu.

Jambo la pili: usimpe wa la tano vitabu vya kaka yake. Masomo hayafanani. Wa la sita ana Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Sayansi na Teknolojia. Wa la tano hana masomo yenye majina hayo. Nimeshaona mtoto anatumwa shuleni na kitabu cha zamani, mwalimu anasema fungueni ukurasa wa ishirini, yeye anaona vitu vingine kabisa.

MgosiWaTanga:
Duh. Hapa umenifungua macho. Nilikuwa najua namaliza mmoja kwanza ndipo nipumue.

MamaNaima:
Mwalimu shikamoo. Binti yangu yupo la nne. Kusoma anasoma vizuri, nimemjaribu jana usiku kama ulivyosema na amenieleza hadithi yote. Tatizo ni Hisabati. Mwaka jana alikuwa anapata 18, 20 kati ya 50. Jirani ananishauri twisheni kila jioni mpaka saa mbili usiku. Nifanyeje?

ChakiNyeupe:
Marahaba mama Naima. Usimpeleke bado. Chukua daftari lake la Hisabati la mwaka jana, usiangalie alama, angalia makosa. Makosa ya Hisabati ya watoto hayatawanyiki ovyo. Mtoto ana kosa moja au mawili anayarudia kila mahali. Ukiyajua hayo, umeshajua cha kufanya.

Nitakupa yale ninayokutana nayo zaidi.

Jedwali la kuzidisha. Mtoto wa la nne akiulizwa saba mara nane anaanza kuhesabu vidole, huyo ana mzigo. Hesabu ya kugawanya yenye hatua nne inamchukua dakika kumi, na njiani anapotea. Mkalishe na jedwali la 2 mpaka 12 kidogo kidogo, asubuhi akivaa viatu, jioni akiosha vyombo. Hili halihitaji mwalimu.

Sifuri katikati. Mpe 612 gawanya kwa 6. Wengi wataandika 12. Jibu ni 102. Anaona 6 kwenye 6 ni 1, halafu 1 haigawanyiki kwa 6, anairuka bila kuandika sifuri, anachukua 12, anapata 2. Mwambie azidishe jibu lake kwa 6 aone kama anarudi kwenye 612. Mara sita kumi na mbili ni 72. Atajiona mwenyewe.

Sehemu. Hapa ndipo wanapozama kuanzia la nne mpaka la saba. Mpe nusu jumlisha theluthi. Ataandika 2/5, kwa sababu amejumlisha 1 na 1 juu, 2 na 3 chini. Usimwambie amekosea. Chukua chapati, kata nusu, mpe. Kisha muulize: "Ulikuwa na nusu, nimekuongeza theluthi. Sasa una mbili ya tano. Mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu?" Akigundua kwamba ameongezewa na bado amebaki na kidogo kuliko alichokuwa nacho, atakaa kimya anafikiri. Hapo ndipo umfundishe kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3, ambayo ni 6: tatu ya sita jumlisha mbili ya sita, tano ya sita. Mtoto aliyeelewa hivi hasahau. Aliyekaririshwa "tafuta KDS" bila kujua kwa nini atasahau likizo ya mwezi wa sita.

Hesabu za maneno. "Juma alinunua madaftari 8 kwa shilingi 700 kila moja. Alitoa noti ya shilingi 10,000. Alirudishiwa kiasi gani?" Wengi wanaandika 5,600 na kuweka kalamu chini. Kuzidisha wamejua. Hawakufika kwenye swali, ambalo jibu lake ni 4,400. Ndiyo maana nasema hata Hisabati kuna kusoma ndani yake. Mwambie apigie mstari kinachoulizwa kabla hajaanza kukokotoa.

Ukishajua kosa lake ni lipi, nenda kwa mwalimu wake wa Hisabati ukamwambie: "Mwanangu anakwama kwenye kugawanya jibu likiwa na sifuri katikati." Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani akiambiwa hivyo anaweza kumsaidia kwa dakika tano. Akiambiwa "mwanangu hajui Hisabati" atabaki kukupa pole.

BabaWawili:
Mwalimu naheshimu uzoefu wako ila kwenye twisheni sikubaliani nawe. Mimi na mke wangu tunafanya biashara Kariakoo, tunarudi saa tatu usiku. Nani atamkalisha mtoto na chapati? Twisheni imewasaidia wanangu wote wawili.

ChakiNyeupe:
BabaWawili, nakuelewa, na nyumba kama yako ni nyingi Dar. Sijasema twisheni ni mbaya. Nasema mzazi ajue ananunua nini. Twisheni nyingi ni kurudia notisi na kupiga maswali ya mitihani iliyopita mpaka mtoto ajue jibu ni B bila kujua kwa nini. Kaa na daftari la twisheni Jumapili moja. Ukiona kazi imesahihishwa, makosa yameelezwa, mtoto anaweza kukurudishia alichojifunza, lipa kwa moyo mmoja. Ukiona kurasa na kurasa za notisi zisizosahihishwa, pesa yako inapotea na mtoto anakosa usingizi.

Na usingizi si jambo dogo. La saba wengi wanaamka saa kumi na moja alfajiri wawahi kipindi cha asubuhi, wanatoka saa kumi na moja jioni, halafu twisheni. Darasani wanalala na macho yakiwa wazi.

NesiWaZahanati:
Naomba niongezee upande wangu maana wazazi mkisikia madarasa ya juu mnawaza mitihani tu. Miaka hii ni kuanzia tisa hadi kumi na tatu. Mwili unabadilika.

Wasichana: hedhi inaweza kuanza hata la nne. Tafadhali mwambieni kabla haijaja. Nimepokea binti analia amedhani ana ugonjwa, amejificha chooni shuleni tangu saa nne. Mnunulieni taulo za kike au mfundisheni za kufua, aweke moja na nguo ya ndani kwenye begi siku zote, na ajue ni mwalimu gani wa kike wa kumwendea. Kama mama hayupo, shangazi au bibi aambiwe mapema. Kama hakuna hata mmoja, baba sema mwenyewe, kwa upole. Hakuna aibu katika kumlinda mtoto.

Wavulana nao: sauti, jasho, ndoto za usiku. Hao mara nyingi hawaambiwi kabisa na mtu yeyote, wanafundishwa na wenzao na simu.

Chanjo ya HPV: inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 inatolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mara nyingi wanafuatwa shuleni. Kama wa kwako ilimpita, nenda naye kituo cha afya cha karibu ukaulize. Ni bure. Nimeona wanawake wanaokuja na saratani hii imechelewa, naomba mwanao asiwe mmoja wao.

Dawa za minyoo na kichocho zikitolewa shuleni, mtoto aende amekula. Wengi wanaopata kizunguzungu hawakunywa hata chai.

Na macho. Mwalimu atakubaliana nami. Mtoto anayeshuka ghafla, anayenakili kwa jirani badala ya ubaoni, anayekunja uso akitazama mbali, mpelekeni akapimwe macho kabla hamjamwita mvivu.

ChakiNyeupe:
Dada nesi asante sana. Hilo la macho naliunga mkono kwa nguvu zote. La kwanza na la pili vitu ubaoni ni vikubwa na vichache. La tano mwalimu anajaza ubao mzima kwa herufi ndogo, na mtoto aliye dawati la nyuma ndio anaanza kuonekana hajui.

Mpemba Asilia:
Assalaam alaykum ndugu zetu wa Bara. Nafuatilia kwa hamu. Sisi Zanzibar skuli ya msingi ni miaka sita kwa muda mrefu sasa, na mtihani wa darasa la sita unasimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, si NECTA. Hayo mnayoyaogopa ya mtoto kumaliza mdogo sisi tunaishi nayo. Neno langu kwa wazee ni kwamba mtoto wa miaka kumi na mbili anapoingia sekondari bado ni mdogo wa akili, hata akiwa na alama nzuri. Kule walimu ni wengi, kila somo na wake, hakuna wa kumshika mkono. Mfundisheni mapema kupanga mkoba wake mwenyewe, kufuata ratiba, kusema "sijafahamu" mbele ya mwalimu. Hilo la mwisho wetu wengi hawaliwezi.

ChakiNyeupe:
Wa alaykum salaam. Umesema jambo zito, na wazazi wenye watoto la tano mwaka huu walisome mara mbili. Ratiba ya wiki ibandikwe ukutani, na mtoto mwenyewe apange begi usiku. Usimpangie.

Kijana wa Ubungo:
Mwalimu samahani, wa kwangu yupo la tatu shule binafsi, wanatuambia mwakani la nne lazima akae bweni ili "ajiandae na NECTA". Ni lazima kweli?

ChakiNyeupe:
Hapana. Waraka wa Wizara wa mwaka 2023 ulizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka la nne, kuanzia Machi mwaka huo, isipokuwa kwa kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Waombe wakuonyeshe kibali. Kama hawana, huna wajibu huo, na unaweza kwenda kwa ofisa elimu wa wilaya. Mtoto wa miaka tisa anahitaji kulala karibu na mtu anayemjua akikohoa usiku.

Dada Tumaini:
Nami niulize kuhusu viboko. Mwanangu wa la tano alirudi na alama mikononi kwa sababu alipata 24 kwenye jaribio. Mstari ulikuwa 30, kila aliyepungukiwa alichapwa kwa kila alama.

ChakiNyeupe:
Pole sana dada Tumaini. Kanuni zipo wazi. Adhabu ya viboko inatolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu cha adhabu, na mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda kama shule haina. Kuchapa kwa idadi ya alama alizopungukiwa hakumo humo. Nenda kwa mwalimu mkuu na mtoto, kwa utulivu, uombe kuona kitabu. Usiende kugombana na mwalimu mbele ya darasa, maana mtoto ndiye atakayebaki naye.

Na nawaambia walimu wenzangu mliomo humu: mtoto aliyepata 24 akachapwa viboko sita atajifunza kunakili. Hisabati hataijua.

Mdau wa Kinyerezi:
Hapo ndipo nasema bora mchepuo wa Kiingereza. Kayumba (shule za msingi za serikali) watoto wamejaa, viboko, na wakifika kidato cha kwanza hawaelewi chochote kwa sababu kila kitu Kiingereza.

ChakiNyeupe:
Mdau, la kidato cha kwanza ni kweli na sitalificha. Mtoto anasoma Sayansi kwa Kiswahili miaka yote, halafu Januari anapewa Biolojia kwa Kiingereza. Walio la sita na la saba sasa hivi walianza somo la Kiingereza la tatu. Wa mtaala mpya wanaanza la kwanza, hilo litasaidia kidogo. Lakini sikubali kwamba dawa ni kuhama tu. Nimepokea watoto waliohamia kwetu kutoka mchepuo wa Kiingereza, wanaongea vizuri sana, ukimpa aya asome aeleze, hakuna kitu, kwa Kiingereza wala Kiswahili. Mtoto anayejua kusoma na kuelewa kwa lugha moja atajifunza ya pili haraka. Asiyeelewa kwa lugha yoyote atahangaika popote utakapompeleka.

Kwa aliye shule ya serikali: kuanzia la tano, kitabu kifupi cha hadithi cha Kiingereza kila wiki mbili. Asome kwa sauti, asimulie kwa Kiswahili. Vitabu vya mtumba vipo kwa bei nafuu. Likizo ya Septemba mpaka Januari baada ya mtihani wa la saba ni ndefu sana, hapo ndipo awekwe kwenye Kiingereza. Badala yake wengi wanaachwa mtaani.

Mdau wa Kinyerezi:
Hiyo ya likizo nimeichukua. Kwenye kuhama bado nina msimamo wangu.

Bibi Mwajuma:
Wanangu, mjukuu ndiye ananiandikia huku mimi nasema. Nalea wajukuu wawili hapa Kilosa, mmoja la nne, mmoja la sita. Mama yao yupo mbali anatafuta. Mimi kusoma sikujaliwa, tulikatishwa tukaolewa. Sasa haya mnayosema ya kukaa na mtoto asome, mimi nitajuaje kama amesoma sawa?

ChakiNyeupe:
Shikamoo bibi. Nakushukuru kwa kuuliza, maana wapo wengi wenye hali hii na wananyamaza.

Bibi, utajua. Mwambie asome, wewe sikiliza. Akisoma sawasawa utaelewa kinachosemwa, kwa sababu ni Kiswahili chako. Akikosea, maana haitakuja, utasikia maneno hayashikani. Hapo mwambie: "Rudia, sijaelewa." Basi. Asipoweza kukuelewesha wewe, hajaelewa yeye. Na ukimwambia akufundishe kile alichofundishwa leo, atajitahidi zaidi kuliko akimweleza mwalimu, kwa sababu anajua wewe hukijui na unakitaka kweli.

Daftari nalo unaweza kulikagua. Angalia wino mwekundu. Alama ya pata na alama ya mkasi unazijua. Angalia kama kila siku kuna kazi mpya, kama amemaliza, kama mwalimu amepitia. Daftari lisilo na wino mwekundu wiki tatu, nenda shuleni. Huna haja ya kusoma ili kuuliza: "Mwalimu, mbona daftari la mjukuu wangu halijasahihishwa?"

Wa la sita amsomee wa la nne. Wote wawili watafaidika.

Bibi Mwajuma:
Marahaba baba. Hilo naliweza. Leo usiku wanaanza, na huyu anayeandika hapa ndiye wa kwanza.

NesiWaZahanati:
Bibi Mungu akupe nguvu. Na wewe mjukuu unayeandika, hongera, umeandika vizuri sana.

MamaNaima:
Mwalimu nimerudi. Nimepitia daftari lote. Ni sifuri kweli, karibu kila hesabu ya kugawanya ameiruka. Na jedwali la 7 na 8 hajui. Ya kujumlisha na kutoa anapata zote. Kumbe sikuwa na mtoto asiyejua Hisabati.

ChakiNyeupe:
Umefanya kazi kubwa mama Naima. Wiki hii jedwali la 7 tu. Usimchanganye na la 8 mpaka la 7 liwe linatoka bila kufikiri. Hesabu za kugawanya tatu kila jioni, zisizidi, na kila jibu alihakiki kwa kuzidisha.

Baba Zawadi wa Geita:
Swali la mwisho mwalimu. Nimehamia mkoa mwingine kikazi, binti yupo la sita. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la babu limeandikwa tofauti na la shuleni. Kuna shida?

ChakiNyeupe:
Ipo, na irekebishe mwaka huu, usingoje la saba. Kwanza uhamisho ufanyike kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa namba yake ya PReM, siyo barua tu mkononi. Shule ya zamani imtoe, shule mpya impokee kwenye mfumo. Mtoto anaweza kukaa darasani miezi huku kwenye mfumo bado yupo Geita, na usajili wa mtihani utafuata mfumo. Pili, peleka nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa mwalimu mkuu, majina yote matatu yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Jina litakaloingia kwenye usajili wa la saba ndilo litakalomfuata sekondari, na kulibadilisha huko mbele ni safari ndefu ya ofisi kwa ofisi. Usajili ukiwadia omba uonyeshwe jina lilivyoandikwa, ulisome mwenyewe kabla halijatumwa.